Teja au Mgonjwa? Mafunzo ya Kasumba kutoka kwa Mataifa Mengine

Utangulizi

Sidhani kuna mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu ambaye hajawahi kuandika maneno "kasumba ya kikoloni". Tumeyatumia maneno haya kuwakemea wanaodharau lugha zao, wanaotukuza kila kitokacho ng'ambo na wanaoamini kuwa Mwafrika hawezi kufikiri bila kufikiriwa. Tumeyatumia mno hata tukasahau maana ya kwanza ya neno lenyewe. Kasumba ni utomvu mkavu wa mmea wa mpopi, ule ambao pia huitwa afyuni. Ndani ya utomvu huo mna mofini, dawa ambayo madaktari huitegemea kutuliza maumivu makali. Kutokana na mofini hutengenezwa heroini, ambayo vijana wetu wa Pwani huiita unga. Kisha kuna dawa nyingine ambazo hazikutoka kwenye mmea wowote bali hutengenezwa maabarani, kama vile fentanili, tramadoli na methadoni, lakini ambazo hufanya kazi mwilini kwa namna ile ile. Katika makala hii nitaziita zote dawa za jamii ya kasumba.

Kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa, watu takriban milioni 60 duniani hutumia dawa hizi nje ya maagizo ya daktari. Hata hivyo, madhara yake hayalingani kutoka nchi moja hadi nyingine. Kuna nchi ambamo watu hufa kwa makumi ya maelfu kila mwaka, na kuna nchi ambamo vifo vilipunguzwa katika muda usiozidi miaka mitano. Aidha, kuna nchi ambamo wagonjwa wa saratani hulia usiku kucha kwa kukosa tone la mofini. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: tofauti hizi zinatoka wapi?

Dai langu ni kwamba madhara ya kasumba hayaamuliwi na dawa peke yake, wala na idadi ya wanaoitumia. Huamuliwa kwa kiasi kikubwa na jinsi jamii inavyomwona na kumpokea yule anayeitumia. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wenzetu wamekwisha kunyolewa, tena wengine bila maji. Sisi Wakenya tungali na nafasi ya kujiandaa, ila nafasi hiyo haitadumu milele.

Biashara iliyovaa kanzu nyeupe

Ni vyema tukumbuke kwamba kasumba haikuanza kuuzwa vichochoroni. Mwaka wa 1839 serikali ya Uchina ilipojaribu kuzuia kasumba iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa Kiingereza kutoka India, jibu la Uingereza lilikuwa manowari na mizinga. Vita hivyo vya kwanza vilikoma mwaka wa 1842 kwa Mkataba wa Nanjing, na Uchina ikalazimishwa kukitoa kisiwa cha Hong Kong. Vita vya pili vilipiganwa kati ya mwaka wa 1856 na 1860. Kumbe basi tunapotumia neno kasumba kuueleza ukoloni hatutumii tamathali tupu. Katika nchi ile, kasumba na ubeberu vilisafiri katika jahazi moja.

Heroini nayo ilizaliwa katika nyumba ya heshima. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka wa 1898, na miongoni mwa matumizi yake yaliyonadiwa ni kutuliza kikohozi. Jina lenyewe linahusishwa na neno la Kijerumani lenye maana ya kishujaa. Laiti tungeuliza ushujaa huo umewafikisha wapi vijana waliolala vibarazani Mombasa na Malindi!

Mfano wa karibu zaidi ni wa Marekani. Mwaka wa 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilileta sokoni kidonge cha maumivu kiitwacho OxyContin. Madaktari walihakikishiwa kuwa hatari ya uraibu ilikuwa ndogo mno. Mojawapo ya nguzo za dai hilo ilikuwa barua fupi ya sentensi tano iliyochapishwa katika jarida la tiba mwaka wa 1980, ambayo ilihusu wagonjwa waliolazwa hospitalini wala si watu waliopewa vidonge vya miezi kadhaa wakaenda navyo majumbani. Barua hiyo ilinukuliwa na kunukuliwa tena kana kwamba ni utafiti kamili. Sisi wanafunzi wa uzamili tunaohimizwa kila siku kuvisoma vyanzo vyetu wenyewe badala ya kuiga nukuu za wengine tuna funzo kubwa hapo. Nukuu isiyochunguzwa inaweza kuua.

Kampuni hiyo ilikiri makosa ya jinai mahakamani mwaka wa 2007, na ikakiri tena mwaka wa 2020. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Vidonge vilipoanza kudhibitiwa, waliokwisha kuzoea waligeukia heroini, ambayo ilikuwa rahisi zaidi. Kuanzia mwaka wa 2013 hivi, fentanili ya magendo ikaingia sokoni, nayo ni kali mara nyingi kuliko heroini. Mwaka wa 2021 zaidi ya Wamarekani 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za kulevya, na wengi wao, takriban 80,000, waliuawa na dawa za jamii ya kasumba. Hii ni nchi yenye hospitali za kifahari, maabara za kisasa na polisi wenye kila silaha. Vilevile ni nchi iliyotangaza vita dhidi ya mihadarati tangu enzi za Rais Nixon na kujaza magereza yake kupita kiasi. Si utajiri wala magereza yaliyowaokoa watu hao.

Vifo hivyo vilianza kupungua kwa kasi mwaka wa 2024, vikafikia takriban 80,000 kwa dawa zote. Wataalamu wanatoa sababu kadhaa, na mojawapo ni kuenezwa kwa naloksoni. Dawa hii huiondoa kasumba mahali iliponata katika ubongo na kumrejeshea mtu pumzi katika dakika chache. Tangu mwaka wa 2023 Wamarekani wameruhusiwa kuinunua dukani bila cheti cha daktari.

Waliochagua njia nyingine

Barani Ulaya kuna nchi zilizochelewa kuelewa na zilizowahi. Katika miaka ya themanini na mwanzoni mwa miaka ya tisini, bustani ya Platzspitz jijini Zürich ilikuwa soko la wazi la heroini. Watu walijidunga hadharani, wengine wakifia papo hapo. Bustani ilifungwa mwaka wa 1992, lakini Waswisi waligundua kuwa kufunga lango hakufungi uraibu. Mwaka wa 1994 walianza kuwapa baadhi ya waraibu sugu heroini safi kliniki, chini ya uangalizi wa madaktari. Wengi nje ya nchi hiyo walishangaa. Hata hivyo, matokeo yalipoonekana, wananchi wenyewe waliuidhinisha mpango huo katika kura ya maoni ya mwaka wa 2008 kwa asilimia 68.

Ufaransa ilipita njia yake. Mwaka wa 1995 iliwaruhusu madaktari wa kawaida, wale wanaotibu mafua na homa mtaani, kuwaandikia waraibu dawa ya buprenofini. Mraibu hakuhitaji kusafiri hadi hospitali kuu wala kujipanga katika foleni ya aibu. Katika muda wa miaka minne, vifo vya kuzidisha heroini vilipungua kwa karibu asilimia 80.

Mfano unaotajwa sana ni wa Ureno. Mwishoni mwa karne iliyopita ilikisiwa kuwa mtu mmoja kati ya kila watu mia nchini humo alikuwa akitumia heroini. Kuanzia Julai mwaka wa 2001, sheria mpya iliondoa adhabu ya jinai kwa mtu aliyepatikana na kiasi kisichozidi matumizi yake ya siku 10. Ulanguzi ulibaki kuwa kosa la jinai kama ulivyokuwa, na anayeudhani Ureno ilihalalisha mihadarati hakuisoma sheria hiyo. Kilichobadilika ni kwamba mtumiaji hupelekwa mbele ya jopo la wataalamu wa sheria, afya na ustawi wa jamii badala ya hakimu. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa wanaotumia dawa za kulevya yalipungua kutoka zaidi ya elfu moja kwa mwaka mwanzoni mwa karne hii hadi makumi tu.

Msomaji makini atauliza: mbona jimbo la Oregon nchini Marekani lilijaribu jambo hilo hilo likashindwa? Swali hilo ni la haki. Wapigakura wa Oregon waliondoa adhabu ya jinai kwa wanaopatikana na kiasi kidogo cha dawa, na sheria hiyo ikaanza kazi Februari mwaka wa 2021. Kufikia mwaka wa 2024 bunge la jimbo hilo liliibatilisha. Hata hivyo, tofauti iko wazi. Ureno ilijenga huduma za tiba pamoja na sheria mpya, ilhali Oregon iliondoa adhabu kabla ya kliniki kuwa tayari, tena wakati ule ule fentanili ilipokuwa ikifurika. Anayebomoa nyumba mbovu kabla ya kujenga nyingine asishangae familia ikinyeshewa. Funzo la Oregon ni kwamba huruma isiyo na bajeti ni maneno matupu.

Afrika: kufurika hapa, ukame pale

Baadhi yetu hudhani kuwa haya ni mambo ya Wazungu. La hasha. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Nigeria na kutangazwa na Umoja wa Mataifa ulionyesha kuwa watu takriban milioni 4.6 nchini humo walitumia dawa za jamii ya kasumba, hasa tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini, nje ya maagizo ya daktari. Mwezi wa Mei mwaka wa 2018 serikali ya Nigeria ilipiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini. Nchini Sierra Leone, Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya hatari mnamo Aprili mwaka wa 2024 kwa sababu ya mchanganyiko uitwao kush. Uchunguzi wa maabara uliotolewa mwaka wa 2025 uligundua kuwa baadhi ya kush hiyo ilikuwa na nitazini, dawa za maabara za jamii ya kasumba ambazo nyingine hushinda fentanili kwa ukali. Vijana wa Freetown walikuwa wakivuta kitu ambacho hata wao wenyewe hawakukijua.

Wakati huo huo, bara hili lina kiu ya dawa ile ile. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilieleza mwaka wa 2017 kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya kasumba, zikipimwa kwa kipimo cha mofini, zilizosambazwa duniani kila mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1 pekee. Humu nchini, ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka wa 2010 iligundua kuwa mofini ya kunywa ilipatikana katika hospitali saba tu kati ya hospitali za umma zipatazo 250. Hali imeboreka tangu wakati huo, lakini aliyewahi kumwuguza mzazi mwenye saratani mbali na mji mkubwa anajua kuwa safari bado ni ndefu.

Majirani zetu wa Uganda walionyesha kuwa umaskini si kisingizio. Tangu shirika la Hospice Africa Uganda lianzishwe mwaka wa 1993, unga wa mofini umekuwa ukichanganywa na maji na kupewa wagonjwa wanywe nyumbani kwao. Mwaka wa 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiagiza dawa hiyo, na serikali huitoa bila malipo. Mofini hiyo ya Uganda haikuzaa janga la uraibu kama lile la Marekani, maana haikuletwa na mchuuzi anayetafuta faida wala haikutolewa kwa vikapu. Ilitolewa na muuguzi anayemjua mgonjwa wake kwa jina. Kwa hivyo anayesema kuwa njia pekee ya kuwalinda watu na kasumba ni kuwanyima hata wanaokufa kwa maumivu, na aende Kampala akajionee.

Hali yetu Pwani na kwingineko

Heroini iliingia Pwani yetu katika miaka ya themanini. Hupakiwa katika majahazi kwenye ufuo wa Makran, upande wa Pakistani na Irani, ikavuka Bahari ya Hindi kuja kwetu kwa njia ambayo wanausalama huiita njia ya kusini. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini kutoka kwenye jahazi katika bahari iliyo karibu na Kenya. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walikiri makosa ya ulanguzi katika mahakama ya New York na wakahukumiwa vifungo vya miaka 25 na 23 katika miaka ya 2019 na 2020. Yaani bahari ile iliyotuletea msamiati wa Kiajemi na Kihindi ndiyo iliyotuletea pia kete.

Sehemu ya shehena hupita, na sehemu hubaki. Iliyobaki ndiyo iliyowameza vijana wetu. Makadirio ya mwanzoni mwa muongo uliopita yalionyesha kuwa takriban asilimia 18 ya wanaojidunga nchini walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kiwango cha watu wazima kwa jumla katika utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2012 kilikuwa asilimia 5.6. Sababu si ngumu kuelewa. Mtu anayeogopa kukamatwa na sindano hatembei na yake, huazima ya mwenzake.

Kuna tukio ambalo tungelitafakari zaidi. Mwishoni mwa mwaka wa 2010 na mwanzoni mwa mwaka wa 2011 heroini iliadimika Pwani. Waliofurahia walidhani uraibu ungeisha wenyewe. Kilichofuata ni mamia ya watu kupatwa kwa pamoja na arosto, yale maumivu ya viungo, kuharisha, kutapika na kukosa usingizi yanayomfika mraibu akikosa dawa. Wengine waligeukia vidonge na vileo vingine. Hapakuwa na methadoni ya kuwapokea.

Leo hii tukio hilo linaweza kurudi kwa sura mbaya zaidi. Mnamo Aprili mwaka wa 2022 watawala wa Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi nchini Afghanistan. Umoja wa Mataifa ulisema kuwa eneo lililolimwa lilishuka kutoka hekta 233,000 mwaka wa 2022 hadi hekta 10,800 mwaka wa 2023. Marufuku kama hayo yaliwahi kutolewa na watawala hao hao mwaka wa 2000. Heroini ilipopungua Ulaya, walanguzi wa nchi ndogo ya Estonia hawakufunga maduka. Walileta fentanili. Kwa zaidi ya muongo mmoja Estonia ilizika vijana kwa kiwango kilichopita cha nchi nyingine zote za Ulaya, na mwaka wa 2012 watu 170 walikufa katika nchi yenye watu takriban milioni 1.3. Sitabiri kuwa Mombasa itakuwa Tallinn. Nasema tu kwamba mlango ule ule uko wazi, na kwamba anayesubiri maiti ya kwanza ndipo aagize naloksoni atakuwa amechelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tusije tukawavunja moyo waliokwisha kufanya kazi. Mauritius ilianza tiba ya methadoni mwaka wa 2006. Tanzania ilifuata mwaka wa 2011 katika Hospitali ya Muhimbili. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka wa 2014 katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, kisha Malindi mwaka uliofuata, na baadaye katika vituo vingine. Mraibu hufika kituoni kila siku, hunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, kisha huenda kutafuta riziki. Haibi ili apate kete, hajidungi, na halali na arosto. Baadhi yao wamerudi kuvua samaki, kuendesha bodaboda na kulea watoto wao.

Hata hivyo, huduma nyingi za aina hii zilisimama juu ya mikono ya wafadhili. Januari mwaka wa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za UKIMWI na mashirika yanayowahudumia waraibu nchini yalitikisika. Dozi ya methadoni haiwezi kuahirishwa hadi bajeti ijayo. Taifa linaloazima dawa ya watoto wake kutoka kwa jirani lisishangae jirani akiidai.

Ngeli ya mtu na ngeli ya teja

Hapa ndipo suala hili linapotugusa sisi wanachama wa chama cha Kiswahili. Mitaani kwetu mraibu wa heroini huitwa teja, na wengi wao huitwa mateja. Wengi hulihusisha neno hili na "mteja", yaani mnunuzi. Ikiwa ndivyo, tazama yaliyompata. Mteja yuko katika ngeli ya A-WA, na kiambishi chake cha m- ndicho kile kile kilichoko katika mtu, mwana, mzee na mgeni. Teja amenyang'anywa kiambishi hicho na kuwekwa kando ya jitu na majitu, joka na majoka. Bado twasema "teja amelala", maana sarufi yetu ina huruma kuliko sisi, lakini umbo la neno limekwisha kumshusha.

Nimekulia katika mtaa ambao kila mmoja anamjua fulani aliyekuwa hodari darasani, mwenye sauti nzuri ya kusoma maulidi, ambaye leo hatajwi kwa jina alilopewa na wazazi wake. Akipita huambiwa watoto: "Angalieni lile teja." Mama yake mzazi anasikia. Mtu asiye na jina ni rahisi kumpiga akishukiwa kuiba kuku, ni rahisi kumfungia mlango wa zahanati, na akifa kichochoroni ni rahisi kupita.

Sheria zetu zilisema kwa lugha hiyo hiyo. Sheria ya mwaka wa 1994 iliweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa mtu aliyepatikana na heroini hata kama ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, lakini fikra iliyoiunda haijafanyiwa. Isitoshe, hata insha zetu za shule za sekondari zina hatia. Kila kijana anayeonja mihadarati katika insha hizo lazima afe, afungwe au awe mwendawazimu kabla ya ukurasa wa pili kuisha, kisha mwandishi afunge kwa majuto ni mjukuu. Hakuna anayeruhusiwa kupona. Fasihi isiyomruhusu mhusika wake kupona inawafundisha wasomaji kuwa kupona hakuwezekani.

Sisemi kwamba tukibadilisha neno tutakuwa tumetibu ugonjwa. Najua wako wasomaji watakaoniona ninawapaka wakosaji mafuta. Mwenye duka aliyevunjiwa mara tatu ana haki ya kukasirika, na mama aliyeuziwa sufuria zake na mwanawe ana machungu ambayo mimi siwezi kuyapima. Wizi ubaki wizi. Mlanguzi aandamwe bila huruma, na polisi anayekula naye aandamwe zaidi. Lakini tujiulize: kwa miaka arobaini tumewatusi, tumewapiga na kuwafunga waraibu. Je, wamepungua? Dawa isiyoponya kwa miaka arobaini si dawa, na daktari anayeongeza kipimo chake ana walakini.

Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na hayo, nina mapendekezo manne. Kwanza, serikali ya kitaifa na zile za kaunti ziiweke methadoni katika bajeti zao zenyewe, kama ziwekavyo dawa za malaria, na ziifikishe karibu na watu badala ya kuwalazimu kupoteza nauli na nusu ya siku ya kazi. Pili, naloksoni ipatikane katika zahanati, magari ya wagonjwa na mikononi mwa wale wanaoishi na waraibu, kabla fentanili au nitazini hazijabisha hodi. Tatu, mofini ya kunywa ifike katika kila hospitali ya kaunti ndogo pamoja na muuguzi aliyefunzwa kuitoa, kama walivyofanya Waganda. Nne, sheria itenganishe waziwazi mlanguzi na mgonjwa, na mgonjwa apelekwe kwenye tiba iliyopo kwelikweli, tusije tukarudia ya Oregon.

Kwa wanachama wenzangu nina ombi la ziada. Vijitabu vingi vya tiba hii huandikwa kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa kwa haraka na watu wasioipenda kazi hiyo. Neno la kawaida la maumivu ya kukosa dawa lilibuniwa na waraibu wenyewe, wala hakuna kamusi iliyowasaidia. Tunao ujuzi wa istilahi na tafsiri. Kliniki ya methadoni inahitaji mtu wa kueleza, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama wa Kisauni na baba wa Majengo, kwa nini kipimo hakirukwi na kwa nini naloksoni haimwui mtu. Tukiifanya kazi hiyo, shahada zetu zitakuwa zimewafaa watu wasiojua hata kuwa kuna chama kama chetu.

Marekani walichelewa wakazika watu kwa maelfu. Estonia walichelewa pia. Waswisi, Wafaransa, Wareno na Waganda hawakuwa malaika, bali walikubali jambo moja ambalo sisi bado tunalikwepa: kwamba aliyelala kibarazani ni mtoto wa mtu. Turudishieni kiambishi chake. Mengine yote, kuanzia bajeti hadi sheria, yatakuwa rahisi zaidi kuyadai kwa ajili ya mtu kuliko kwa ajili ya teja.